Moyo ukisema "kitu kile kipo": namna ya kuuhoji

"Prof, uko na hakika gani kama hii ukuta iko?"

Aliyeniuliza alikuwa msichana wa mwaka wa sita wa sekondari, katikati ya mwaka 2021, wiki chache baada ya watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, kurudi majumbani. Jioni ya tarehe 22 Mei volkano yetu, Nyiragongo, ilikuwa imepasuka. Siku tano baadaye, tarehe 27, tuliamriwa kuhama vitongoji kumi vya mji kwa hofu kwamba moto ulikuwa umeshafika chini ya nyumba zetu na chini ya ziwa. Yeye alikwenda kwa miguu hadi mji mdogo wa Sake na wadogo zake wawili, mmoja mgongoni. Aliporudi shuleni alikaa mstari wa nyuma, kiganja amekibandika ukutani kama mtu anayesikiliza kitu.

Nilimjibu vibaya. Nilifurahi kwamba swali la Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, limejileta lenyewe darasani, nikageukia ubao, nikaandika 1641, mwaka wa kitabu chake, nikaanza kueleza. Nilipogeuka alikuwa amekwisha kuutoa mkono ukutani na kuinamisha kichwa. Mwongozo huu ndio jibu nililopaswa kumpa. Nimeupanga upya mara nyingi tangu hapo, na sasa ninautumia kila mwaka na wanafunzi wangu, na nyumbani na watoto wa dada yangu. Unamfaa mtu yeyote anayejiuliza kama hakika aliyo nayo moyoni inatosha kuthibitisha kwamba vitu vipo nje ya akili yake.

Andaa daftari, kalamu, mabeseni matatu, mshumaa, na mtu mmoja wa kufanya naye. Huyo mtu usimwache. Naye awe na daftari lake, aandike majibu yake bila kukuonyesha hadi mwisho.

Jua ni moyo upi unaosema

Shida ya kwanza ni ya neno. Ubaoni tunaandika neno la Kifaransa, intuition, na darasa zima linamfikiria mama anayesema, "Moyo wangu hautulii, leo mtoto asitoke." Hayo ni machale. Kuna kujua kwingine, kwa akili: ukishaelewa kwamba mbili na tatu ni tano, huhitaji tena kupitia hoja, unaona tu. Na kuna kujua kwa tatu, kwa macho na mikono: naona ukuta, nagusa ukuta, imekwisha. Kant, mwanafalsafa Mjerumani aliyefundisha Königsberg, alikuwa na neno la Kijerumani, Anschauung, kwa jambo lililo karibu na hili la tatu: kukutana na kitu moja kwa moja, mahali na wakati fulani, kabla ya kukitolea hukumu. Wafasiri wa Kifaransa walimpa Kant neno lile lile tunalompa mama mwenye machale, na wanafunzi wangu wamelipia kosa hilo katika mitihani mingi.

Kwa hiyo chora safu tatu katika daftari: machale, akili, hisi. Kwa siku moja, kila unaposema "najua" bila kufikiri, weka alama katika safu inayostahili. Mimi nilifanya hivyo siku moja ya Jumamosi nikiwa soko la Virunga. Nilijua kwamba gunia la makala (makaa) nililoonyeshwa lina vumbi chini, ingawa juu lilikuwa zuri: machale. Nilijua chenji imepungua kabla sijaihesabu vizuri: akili. Nilijua ndizi zimeiva kwa kuzibonyeza: hisi. Kufika saa sita mchana nilikuwa na alama kumi na nne. (Lile gunia lilikuwa zima hadi chini. Nilimwomba msamaha yule mama anayeuza, kimoyomoyo.)

Safu ya kwanza hukosea mchana kweupe, na kila mtu anajua, ingawa mama yangu bado anashikilia kwamba moyo haudanganyi. Safu ya pili ni imara kuliko zote, lakini haikuambii ni nini kilichopo: mbuzi wawili na mbuzi watatu ni mbuzi watano hata kama duniani hakuna mbuzi hata mmoja. Ndiyo maana swali letu linaangukia safu ya tatu, na huko ndiko tutakakokaa.

Sema unapotamka "nje" unamaanisha nini

Washa mshumaa, utazame mwali kwa muda mfupi, kisha fumba macho. Utaona doa linaelea, la kijani au la zambarau. Liko wapi? Linaonekana mbele yako, hata unaweza kusema liko kushoto au kulia. Hata hivyo hakuna mtu atakayeingia chumbani na kulikuta hapo.

G. E. Moore, mwalimu wa falsafa wa Cambridge, alisisitiza tofauti hii katika hotuba ya mwaka 1939. Kitu kinaweza kuonekana mahali bila kuwa kitu ambacho watu wanaweza kukutana nacho mahali hapo. Njia rahisi ya kuvitenganisha ni kuuliza: je, ina maana kusema kitu hiki kingeweza kuwepo bila mtu yeyote kukihisi? Maumivu ya jino ambayo hakuna anayeyasikia si maumivu. Jino lenyewe, ndiyo, linaweza kukaa kwenye boksi miaka mia. Andika mifano kumi ya nyumbani kwako kwa mtindo huo. Wanafunzi wangu hugombana kila mwaka juu ya upinde wa mvua unaoinama juu ya ziwa Kivu. Mimi huwaambia waweke alama ya kuuliza na kuendelea.

Usipofanya hatua hii utajikuta unathibitisha kitu ambacho hakuna aliyekikana. Hakuna mwenye shaka anayesema huoni ukuta. Anasema unauona, na anauliza kama una zaidi ya huko kuuona.

Ujaribu moyo kwa mabeseni, kwa jicho, kisha kwa ndoto

Beseni moja lijaze maji ya moto kiasi cha kuvumilika, la pili maji baridi sana, la tatu vuguvugu. Tia mkono mmoja kwenye moto na mwingine kwenye baridi, uhesabu hadi sitini, kisha iingize yote miwili kwenye vuguvugu kwa pamoja. Mkono mmoja utasema maji ni baridi, mwingine utasema ni ya moto. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alieleza jaribio hili zaidi ya miaka mia tatu iliyopita na bado linawashangaza vijana wa mtaa wetu wa Ndosho kama jipya. Mikono yote miwili ni yako, na yote ina hakika. Muulize mwenzako maji yale yalikuwaje, naye asome alichoandika.

Kisha tazama mshumaa na ubonyeze kope la jicho moja taratibu, pembeni. Miali itakuwa miwili. Haya ni madogo, tusikae hapo.

Ndoto ndiyo kubwa, na lazima nieleze yangu.

Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Ilifunika nyumba ya baba yangu katika mtaa wa Murara, ikapita juu ya sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, ikala kanisa kuu. Tulikwenda kuishi kwa dada yangu, mtaa wa Katindo, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Kwa miaka minne hivi niliota nyumba ile. Ndani ya ndoto ninakumbuka kwamba volkano imepita, kisha ninajiambia: kumbe ilikuwa uongo, nyumba iko. Nashika mlango. Komeo linakwama pale pale lilipokuwa likikwama, chini upande wa kulia, na nalisukuma kwa goti kama nilivyozoea. Nasikia harufu ya makala yanayoanza kushika moto uani. Na mara nyingi, ndani ya ndoto ile ile, ninasema kwa furaha: hii si ndoto. Kisha naamka juu ya mkeka wa dada yangu.

Nimejaribu kutafuta tofauti kati ya hakika ile na hakika niliyo nayo sasa ninapoandika, meza ikiwa chini ya kiwiko changu. Kwa uzito, kwa utamu, kwa ukaribu, sikuipata. Tofauti ninayoijua inatokana na yaliyofuata, kwamba niliamka. Hakika yenyewe haikuwa na muhuri.

Andika ndoto yako ya namna hiyo kwa ukamilifu, pamoja na vitu vidogo, kisha chini yake andika sentensi hii na uipime: jambo linalotokea nyumba ikiwepo, na linalotokea vile vile nyumba isipokuwepo, haliwezi peke yake kuthibitisha kwamba nyumba ipo. Mimi sijapata njia ya kuikwepa. Nimeitafuta kwa bidii, kwa sababu ningependa mama yangu awe sawa.

Tenga ushahidi na uthibitisho

Hapa wengi hukata tamaa na kusema basi moyo hauna faida. Wanakosea, na ardhi ya Goma inaweza kuonyesha kwa nini.

Machi 2002 baba alipanda juu ya mwamba mweusi ulioifunika Murara, ukingali na joto sehemu nyingine, akasimama, akapiga chini kwa fimbo. "Nyumba yetu iko hapa." Hakuna mti, hakuna barabara, hakuna ukuta. Mwamba tu, uliojikunja kama nguo isiyopigwa pasi. Jirani yetu naye akaja, mtu wa amani, akasimama karibu na fimbo ya baba, akasema parseli yake, yaani kiwanja chake, iko hapo hapo. Wazee wawili walioishi pale zaidi ya miaka ishirini, kila mmoja anaapa, kila mmoja anasema mwili wake unajua. Ninaamini wote wawili walisema kweli kuhusu walichokisikia moyoni.

Tulimwita mpima ardhi. Alianza kutoka kona ya ukuta wa shule uliosalia, akatumia kamba ya mita hamsini na karatasi ya parseli ambayo mama alikuwa ameikimbiza ndani ya kitenge. Baba alikuwa amekosea kwa hatua kumi na moja kuelekea ziwani. Jirani alikosea zaidi. Baba hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu alianza kupasua mwamba kwa nyundo mahali palipoonyeshwa na kamba, na baada ya siku nyingi alikuta ncha ya nguzo ya geti letu, chuma chenye rangi ya bluu iliyoungua.

Sasa angalia. Moyo wa baba haukuwa bure. Bila moyo ule asingejua aanzie mtaa gani katika jangwa lile la mawe, na hatua kumi na moja si nyingi. Alikuwa shahidi mzuri. Lakini shahidi hatoi hati. Tulipotaka kujua ni nani kati ya wazee wawili yuko sawa, tulihitaji kitu kisichokaa ndani ya moyo wa yeyote kati yao.

Katika daftari, kila unapoandika "najua kwa sababu nahisi", ongeza mstari chini yake: kama mtu mwingine anahisi kinyume, kwa nguvu ile ile, tutakwenda kupima wapi? Ukipata jibu, una ushahidi na una njia ya kuusahihisha. Usipopata, una hisia, iheshimu na uiache hapo.

Mwenye shaka hatakubali kirahisi. Atasema: kamba nayo umeiona kwa macho, nguzo umeigusa kwa mkono, zote zimepita mlango ule ule. Ni kweli. Nimewahi kukaa na jambo hili hadi usiku wa manane, na nasema wazi kwamba kila kamba inadai kamba nyingine ya kuipima. Kamba ilitutosha kumaliza ugomvi wa parseli, lakini haikufika kwenye swali la kama ulimwengu mzima, pamoja na kamba zake, upo nje ya akili. Usichanganye kesi hizo mbili.

Jaribu hoja za waliotangulia, kwa mpangilio huu

Anza na ya mguu. Mwaka 1763 Samuel Johnson, mtunga kamusi wa Uingereza, aliambiwa kwamba hoja ya Askofu George Berkeley ya kukana maada haiwezi kupingwa. Alipiga teke jiwe kubwa na kusema kwamba anaipinga namna hiyo. Goma mawe hatukosi, kila kijana anaweza kurudia. Lakini Berkeley hakukana kwamba jiwe ni gumu na linaumiza kidole. Alisema ugumu na maumivu hayo ndiyo yote tunayoyajua juu ya jiwe, na yote ni mambo ya akili. Teke linathibitisha kile ambacho tayari amekikubali.

Kisha ya mikono. Katika hotuba ile ya 1939 Moore aliinua mkono mmoja, akasema huu hapa mkono mmoja, akainua wa pili, na kuhitimisha kwamba basi vitu vya nje vipo. Vijana hucheka. Wakatazeni kucheka, wafanye wenyewe polepole. Hoja yake haina kasoro ya mpangilio: misingi ni tofauti na hitimisho, na hitimisho linafuata. Kilichobaki ni swali la kama anaujua msingi, yaani kwamba huo ni mkono. Hapo Moore alikiri jambo ambalo mimi nampendea: kwamba hawezi kuthibitisha kuwa huo ni mkono, na kwamba mtu anaweza kujua jambo asiloweza kulithibitisha. Yaani hata yeye, aliyetegemea safu ya tatu kuliko wote, hakusema hisi ni uthibitisho wa msingi wake. Alisema ni ujuzi. Wanafunzi waandike tofauti hiyo kwa maneno yao, wasinakili ya kwangu.

Ya Kant ndiyo inayomkaa zaidi mtu wa mji huu. Mwaka 1787, katika chapa ya pili ya kitabu chake kikuu, aliita ni aibu kwa falsafa kwamba kuwepo kwa vitu nje yetu kunakubaliwa kwa imani tu. Akaleta hoja yake, ambayo kwa ufupi ni hii: ninajua mawazo yangu yamefuatana, hili kwanza, lile baadaye. Lakini mawazo yenyewe yanapita kama maji, hakuna hata moja linalosimama ili nipimie mengine. Ili nijue mpangilio wake nahitaji kitu kinachodumu, na kitu hicho hakiwezi kuwa wazo langu lingine, kwa sababu nalo litapita.

Fanya hivi. Andika matukio kumi ya maisha yako bila tarehe, kisha uyapange. Andika pembeni ulitumia nini kuyapanga. Mtu wa Goma wa rika langu atajibu bila kusita: mbele ya volkano, nyuma ya volkano. Kwetu "mbele ya" ni kabla, "nyuma ya" ni baadaye. Mama alimzaa mdogo wangu wa mwisho mbele ya volkano, dada aliolewa nyuma ya volkano. Na vijana sasa wanauliza, "Volkano ya ngapi?" Mwamba ule uliosimama mtaani ndio unaopanga kumbukumbu zetu, sisi hatuupangi. Nilipoanza kuieleza hoja ya Kant kwa njia hiyo, darasa liliacha kusinzia.

Walioichambua hoja hii baadaye waliona mpaka wake. Inaonyesha kwamba hatuwezi kujifikiria sisi wenyewe bila kufikiri kwamba kuna vitu vinavyodumu nje. Kutoka hapo hadi kusema vipo kweli kuna hatua moja zaidi, na hatua hiyo mimi bado naiona wazi mbele yangu kila ninapofundisha. Siifichi.

Tafuta pale moyo ulipokosa

Sasa geuza swali. Hadi hapa tulikuwa tunauliza kama moyo ukisema "kipo", kipo kweli. Tafuta badala yake mahali ambapo moyo, macho, masikio na pua vyote vilisema "hakuna kitu", na kitu kikawepo.

Sisi tuna neno lake: mazuku. Wataalamu wa volkano duniani wamelichukua kama lilivyo kutoka kwetu. Ni kaboni dioksidi inayopanda kupitia nyufa za miamba. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kama mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haina rangi wala harufu. Iko magharibi mwa mji kando ya ziwa, kuelekea Mugunga na Sake. Mama yangu mdogo alikuwa na mbuzi watatu katika mtaa wa Keshero, na kulikuwa na kishimo cha majani mabichi nyuma ya nyumba alichokipenda, baridi, kimya, hata nzi hawakusumbua. Asubuhi moja mbuzi wawili walikuwa wamelala humo wasiamke. Alianza kushuka kuwavuta. Jirani alimkamata kitenge kwa nyuma, akamvuta hadi akaanguka.

(Usijaribu kupima mazuku kwa kiberiti au mshumaa. Mwali unapozimika, wewe tayari uko hatarini. Ukiona wanyama wadogo wamekufa bondeni, rudi juu na uite watu.)

Kila kitu ndani ya mama mdogo kilisema mahali pale ni salama. Hakuwa na hofu, hakuwa na wazo, hakuwa hata na neno la hewa ile kichwani asubuhi hiyo. Kama ulimwengu umefumwa na akili yake peke yake, ni nani aliyeingiza humo jambo ambalo kila pembe ya akili hiyo ililikana? Ziwa lenyewe ni hivyo hivyo: chini sana ya maji tunayoogea kuna takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, na hakuna mwogeleaji aliyewahi kuzihisi. Ng'ambo, Rwanda wanavuta methani hiyo na kuichoma kupata umeme.

Descartes alikwishalifikiria jibu la mwenye shaka: labda ndani yangu kuna uwezo nisioujua, unaonitengenezea mambo haya bila hiari yangu, kama unavyonitengenezea ndoto. Sina njia ya kulivunja jibu hilo kabisa. Ila angalia limekuwa nini. "Akili" hiyo sasa ina volkano, ina gesi chini ya ziwa, haitii matakwa yangu, haijulikani nami, na inaweza kuniua nikiwa natabasamu. Imebaki kuwa yangu kwa jina tu. Ndiyo maana ninauweka mshangao juu ya hisi: hakika ya moyo ni shahidi aliye ndani ya nyumba, ila kosa la moyo ni kama mlango uliobishwa kutoka upande wa pili. Jaza ukurasa mzima wa daftari kwa makosa yako ya namna hii. Huo ndio ukurasa ninaousoma kwanza ninaposahihisha.

Swali likija usiku

Msichana wangu wa mstari wa nyuma hakuwa akifanya falsafa. Wiki tatu baadaye aliniambia kwamba tangu Sake watu wanaonekana kama picha, sauti zinatoka mbali, na anagusa kuta ili ajue kama bado yupo. Kuna shaka ya kitabuni na kuna hii. Hii huwapata watu waliopita katika hofu kubwa, na hakuna hoja ya Kant wala ya Moore inayoiponya. Ikikukuta, au ikimkuta mtoto wako, na ikakaa siku nyingi, mwambie mtu mzima unayemwamini, nendeni pamoja kwenye kituo cha afya, ulizeni mtu anayeshughulika na majeraha ya moyo. Usiku, amka, osha miguu kwa maji baridi, taja kwa sauti vitu vitano vilivyo chumbani, keti karibu na mtu. Usibishane na swali saa nane za usiku. Lisubirishe hadi mchana, ule kwanza.

Al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa aliyefariki mwaka 1111, ameandika kwamba alikaa karibu miezi miwili bila kuweza kuamini macho yake wala hata misingi ya akili, na akauita ugonjwa. Alisema hakupona kwa kupanga hoja, bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Nilimsomea msichana habari hiyo, mimi Mkristo, yeye Mwislamu, tukiwa tumeketi kwenye ngazi za shule. Alilia kidogo, akauliza kama na yeye itachukua miezi miwili. Ilichukua zaidi, lakini alipona, na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, alifaulu.

Sasa anafanya kazi ya uuguzi Bukavu. Mwaka jana nilimtumia mwongozo huu ausome kabla ya wengine. Hakusema lolote juu ya Kant. Aliandika: "Prof, ile siku ya parseli, kamba nani alishika?"

Nilimjibu kwamba ncha moja nilishika mimi, kwenye kona ya ukuta wa shule. Ncha nyingine alikuwa nayo mpima ardhi, na lava ilikuwa imeinuka kati yetu kama kilima, kwa hiyo sikumwona. Nilisikia tu kamba inavutika mkononi.

"Na ulijua iko pale?"

Nilijua, nikamwambia. Aliuliza naandika katika safu ya ngapi. Ya tatu, na pembeni nimeweka alama ya kuuliza, kama upinde wa mvua.